Mahameli na Shanga za Niagara: Kazi ya Mikono ya Wanawake wa Haudenosaunee

(Hotuba iliyotolewa mbele ya kinamama washonaji wanaozungumza Kiswahili, mjini Buffalo, Jimbo la New York)

Mama Mwenyekiti, wazee wetu, mama zangu, dada zangu, na nyie wadogo zangu mliobanana huko nyuma karibu na mlango: shikamooni wanaostahili shikamoo, na wengine wote nawasalimu kwa heshima. Naona humu wamo mama zetu wa Uvira na Bukavu, wamo wa Bujumbura, wamo wa Kigoma, Mombasa na Dar es Salaam. Nashukuru kwa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie shanga. Humu ndani wamo wanaotunga shanga za shingoni na za kiunoni, wamo wanaoshona mikoba ya vitenge na kuitandika sokoni siku za Jumamosi, kwa hiyo sikuja kumfundisha mtu kushika sindano. Nimekuja kuwapa habari za washonaji wenzenu, wanawake waliokuwa kwenye ardhi hii hii tunayolipia kodi leo, ambao vitukuu wao bado wanashona, mwendo usiofika saa moja kwa gari kutoka ukumbi huu. Kazi yao maarufu ni mikoba midogo ya mahameli iliyotariziwa shanga za kioo. Mikoba hiyo imeitwa kwa muda mrefu vikorokoro vya watalii. Mimi nasema ilikuwa riziki ya nyumba nyingi, tena ilikuwa mahali ambapo wanawake hao waliweka mambo yao wenyewe huku macho ya mnunuzi yakiona maua tu. Hilo ndilo nililokuja nalo.

Wanawake wenyewe ni wa Haudenosaunee, watu wa nyumba ndefu, ambao vitabu vingi vinawaita Iroquois. Ni muungano wa mataifa sita: Wamohawk, Waoneida, Waonondaga, Wacayuga, Waseneca na Watuscarora. Matano ya kwanza yaliungana zamani, kabla Wazungu hawajakaa nchi hii. Watuscarora walikuwa kusini, North Carolina. Vita vilivyoanza mwaka 1711 vikawang'oa kwao, wakapanda kaskazini na kupokelewa kuwa taifa la sita yapata mwaka 1722. Kwao ukoo hufuata upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mama mkuu wa ukoo ndiye anayemteua chifu, na ndiye mwenye uwezo wa kumvua cheo akiharibu. Mama zangu, lishikeni hilo. Pesa ya mkoba ilikuwa inaingia mkononi mwa mtu mwenye kauli.

Tuje kwenye ardhi, kwa sababu bila habari ya ardhi mkoba hauelezeki. Mwaka 1779, wakati wa vita vya uhuru wa Marekani, jeshi la Jenerali Sullivan lilipita kwenye nchi yao kwa amri ya George Washington, likachoma miji na vijiji karibu 40, mashamba ya mahindi na bustani za matunda. Baada ya vita ikaja mikataba. Ule wa Canandaigua, wa tarehe 11 Novemba 1794, uliwatambua na kuahidi malipo ya dola 4,500 kila mwaka kwa bidhaa, na hadi leo serikali hupeleka kitambaa kwa ajili ya mkataba huo. Kitambaa kinafika kila mwaka. Ardhi iliendelea kumegwa. Sehemu kubwa ya kusini mwa mji huu wetu ilikuwa makazi ya Waseneca, ikiitwa Buffalo Creek. Mkataba wa mwaka 1838, uliopatikana kwa hongo na vitisho, uliwataka waondoke nchi hii kabisa. Wakapambana nao, na mapatano ya 1842 yakawaachia makazi mengine mawili, lakini Buffalo Creek ikawatoka. Wenzetu mnaokaa kando ya Seneca Street, jina la mtaa wenu limetoka kwao.

Sasa mtu aliyezoea kuwinda na kulima kwenye nchi pana, akibakiziwa kipande, atakula nini? Wanyama wamekwisha, biashara ya ngozi imekufa. Wanaume walikwenda kukata magogo na kufanya vibarua kwenye mashamba ya watu. Wanawake walitazama walicho nacho mikononi, wakaona ni ufundi wa kutarizi.

Ufundi huo ulikuwa wa zamani. Kabla ya shanga za kioo walitarizi ngozi kwa miiba ya nungunungu. Waliilowesha ikalainika, wakaitia rangi, wakaibapa na kuikunja kwenye mshono mmoja baada ya mwingine. Walikuwa pia na wampumu, shanga ndogo za mrija zilizochongwa kutoka makombe ya baharini, nyeupe na zambarau, zikafumwa kuwa mikanda. Mikanda hiyo haikuwa pambo la kiunoni. Ilishikwa mbele ya mkutano na kusomwa, kila mchoro ukiwa na agano lake. Kwa hiyo watu hawa walijua kabla Wazungu hawajaleta sanduku la shanga kwamba ushanga unaweza kubeba neno.

Shanga za kioo zilitoka Venice, mji wa Italia, na baadaye kwa wingi Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Hapa nawaomba wa Kigoma, wa Uvira na wa Bujumbura mnisikilize vizuri. Karne hiyo hiyo ya 19, shanga za Venice zilishushwa Zanzibar, zikafungwa mizigo, na wapagazi wakazibeba kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji. Ile nyekundu iliitwa samesame. Pale Ujiji ushanga uitwao sofi ulikuwa pesa kamili ya sokoni. Unanunua nao samaki, unanunua nao chumvi. Na wasafiri wengi wa misafara waliandika malalamiko yale yale: kila nchi ina ushanga wake, na msimu ukibadilika watu wanaukataa ule wa jana. Ukifika na rangi isiyotakiwa unalala njaa na mizigo yako imejaa. Aliyeamua ushanga upi una thamani alikuwa mama wa sokoni Ujiji, na fundi wa Venice alilazimika kufuata.

Nimeyaleta haya kwa sababu wapo wanaosema mikoba ya Haudenosaunee si mali yao, eti mahameli ya Ulaya, shanga za Ulaya, maua ya Ulaya, wao wamebaki na nini? Wamebaki na uamuzi. Wanawake wale walichagua. Na kwa kuwa sisi tunatoka kwenye soko lililowahi kumfanya mwenye kiwanda apige magoti kwa ajili ya rangi ya ushanga, hatuna sababu ya kuliona jambo hilo kuwa dogo.

Hebu tuutazame mkoba mmoja. Naomba taa ya mbele izimwe, picha ionekane ukutani. Asante, mwanangu.

Huu ni mtindo ulioshamiri kuanzia miaka ya 1830. Ni mdogo: unaenea kwenye kiganja, labda sentimita 15 kwenda juu. Kitambaa ni mahameli nyeusi. Tazameni bua lile katikati, limeshonwa kwa mistari miwili ya shanga inayokwenda sambamba. Kutoka kwenye bua yanachipuka maua, kubwa katikati, madogo yakiinama pembeni. Petali moja haina rangi moja. Ukingoni ni nyekundu iliyoiva, ndani yake waridi, ndani zaidi nyeupe. Ua la bluu nalo lina bluu mbili. Majani yana kijani upande mmoja na manjano upande wa pili, kana kwamba jua linayapiga kutoka kushoto. Shanga ni ndogo sana; mnaotunga mnajua sindano ya kupita kwenye tundu kama hilo inavyovunjika. Kwenye pindo umeviringishwa utepe mwekundu, na juu ya utepe imepita taraza ya shanga nyeupe, moja moja, kuzunguka mkoba mzima. Ndani kuna bitana ya kitambaa laini cha rangi ya mwanga.

Picha inayofuata, tafadhali. Huu ni mgongo wa mkoba ule ule. Maua ni mengine kabisa. Bua jingine, mpangilio mwingine, rangi nyingine. Mikoba mingi ya mtindo huu ina nyuso mbili zisizofanana. Upande huu ulikuwa unalalia gauni la mwenye mkoba, hakuna anayeuona, na bado aliyeushona aliupa siku zile zile na macho yale yale. Nimeiona mikoba ya kisasa ya madukani ambayo mgongo wake ni kitambaa kitupu. Sitasema zaidi, ila jicho la mshonaji linaona.

Sasa ule mtindo wa pili, wa shanga zilizoinuka. Ulikuja kushika nguvu kuanzia katikati ya karne hiyo, na ndio ambao Watuscarora na Wamohawk wanaendelea nao hadi leo. Taa inaweza kuwashwa.

Kwanza unakata umbo kwenye karatasi: jani, petali, ndege, stroberi. Karatasi unaishikiza juu ya mahameli, na mahameli yenyewe imetandazwa juu ya kitambaa kigumu cha chini ili isivutike. Uzi unaupitisha kwenye nta ya nyuki, usikatwe na kingo za kioo na usijisokote. Unatokea na sindano ukingoni mwa karatasi, unatunga shanga, unavuka juu ya karatasi na kuzama upande wa pili. Siri iko kwenye hesabu. Kama upana wa karatasi ni wa shanga sita, unatunga nane au tisa. Uzi unapovutwa, zile za ziada zinakosa pa kulala, basi mstari mzima unajikunja juu kama mgongo wa daraja. Unashona mstari wa pili ubavuni, na wa tatu, mpaka petali nzima imesimama juu ya mahameli na unaweza kuipapasa na kuijua umbo lake ukiwa umefumba macho. Karatasi haitolewi. Inabaki chini humo miaka yote. Mara nyingine ni kipande cha gazeti, na mkoba ukipasuka uzee maandishi yanachungulia, na watu wa makumbusho hupata fununu ya mwaka.

Ukizidisha ushanga mmoja, mstari unalegea na kulala ubavu. Ukipunguza, petali inabonyea. Hakuna kipimo kilichoandikwa. Mtoto wa kike alikaa karibu na mama au bibi yake, akaanza kwa kuchambua shanga kwa rangi, kisha akashona pindo, kisha majani, na ua la katikati akaachiwa siku bibi alipoona mkono umetulia. Kwa mtindo huu walitengeneza pia vimito vya kuchomekea pini vilivyojazwa unga wa mbao, fremu za picha, vifuko vya sindano na viatu vidogo vya kutundika ukutani. Mkoba ndio uliokwenda mbali zaidi, kwa kuwa uliondoka na mwenye kuubeba.

Kazi ya kushona ilikuwa ya majira ya baridi. Theluji imefunga njia, shamba limelala, familia nzima imezunguka taa. Kuuza kulikuwa kwa majira ya joto, na sokoni kwenyewe palikuwa Maporomoko ya Niagara.

Mfereji wa Erie ulifunguliwa mwaka 1825, ukaunganisha mto Hudson na mji huu wa Buffalo, reli ikafuata. Ghafla mtu wa New York aliweza kuja kuyaona maporomoko bila kuvunjika mgongo kwenye gari la farasi. Wakaja matajiri, wakaja maharusi, wakaja Waingereza wenye vitabu vya safari. Na kila aliyekuja alitaka kurudi na kitu. Pale pale, kwenye kisiwa cha Goat Island na baadaye bustani ya Prospect Park, aliwakuta wanawake wa Kituscarora wamekaa chini, kitambaa kimetandikwa mbele yao, mikoba imepangwa.

Nafasi ile hawakuipata kwa bahati. Masimulizi ya Watuscarora yanaeleza hivi. Tarehe 19 Desemba 1813, wakati wa vita kati ya Marekani na Uingereza, askari wa upande wa Waingereza walivuka mto na kuuchoma mji wa Lewiston. Wakazi walikimbia kwenye theluji bila ulinzi. Watuscarora, waliokuwa wachache, waliteremka kutoka kilimani kwao, wakawazuia waliokuwa wakifukuza, na watu wengi wa Lewiston wakaokoka. Familia ya Porter, iliyokuwa na mali kubwa pale maporomoko na ambayo mmoja wao, Peter Porter, alikuwa jenerali katika vita hivyo, iliwapa wanawake wa Kituscarora haki ya kuuza kazi zao kwenye ardhi yake. Mwaka 1885 jimbo lilipoifanya sehemu hiyo kuwa hifadhi ya umma, wanawake hawakuondoka. Mama aliyekaa pale na mikoba yake alikuwa amekaa juu ya deni ambalo Lewiston ilidaiwa, na aliujua ukweli huo vizuri.

Waliokuwa wakinunua ni wanawake wa mjini. Magauni ya wakati ule hayakuwa na mahali pazuri pa kuweka leso na sarafu, na mkoba mdogo wa mkononi ulikuwa fasheni. Kuna picha nyingi za studio za karne ya 19 ambamo bibi wa Kizungu ameketi wima, hacheki, na mapajani ameshika mkoba wa Haudenosaunee. Jina la bibi mara nyingi limeandikwa nyuma ya picha. Jina la aliyeushona mkoba halipo.

Hili la majina linaniuma. Nendeni kwenye makumbusho yoyote makubwa, someni kibao chini ya mkoba: taifa, labda, mwaka, kwa kukisia, aliyetengeneza, hajulikani. Mchongaji wa sanamu wa miaka hiyo hiyo anajulikana mpaka tarehe ya kubatizwa kwake.

Ndiyo maana namtaja Caroline Parker. Alikuwa Mseneca wa Tonawanda, kaskazini mashariki mwa hapa tulipo, binti aliyesoma shule na aliyekuwa mkalimani mzuri. Kaka yake, Ely Parker, ndiye aliyeandika kwa mkono wake nakala ya masharti ambayo kwayo Jenerali Lee wa majeshi ya Kusini alisalimu amri mwaka 1865, kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na kaburi lake liko papa hapa Buffalo, makaburi ya Forest Lawn. Mwanasheria Lewis Henry Morgan alipokuwa akikusanya kazi za Waseneca kwa ajili ya jimbo, mwishoni mwa miaka ya 1840, familia ya Parker ndiyo iliyomsaidia, na baadhi ya kazi nzuri alizopata zilitoka mikononi mwa Caroline. Ipo picha yake ya wakati huo. Amevaa sketi ya kitambaa cheusi, chini kabisa imezungukwa na taraza ya shanga, na kwenye kona umesimama mti, umetariziwa kwa shanga ndogo, matawi yamejikunja kushoto na kulia. Baadaye aliolewa na chifu John Mt. Pleasant, akahamia kwa Watuscarora, karibu na maporomoko. Tarehe 29 Machi 1911 jengo la serikali la Albany lilishika moto na mkusanyo wa Morgan ukateketea kwa sehemu kubwa. Aliyeingia kuokoa alichoweza ni Arthur Parker, mtaalamu wa makumbusho, mjukuu wa ndugu yake Caroline.

Arthur Parker huyo ndiye aliyeandika, kwa kuwasikiliza wazee wake, maana ya michoro ile. Nusu duara iliyokaa juu ya mistari miwili ni kuba la mbingu limeilalia dunia. Kimea kilichosimama juu yake na ncha mbili zilizojikunja ni mti wa mbinguni. Wanasimulia kwamba juu, kwenye ulimwengu wa mbingu, palikuwa na mti mkubwa wenye kutoa mwanga. Uling'olewa, shimo likabaki, na mwanamke mjamzito akaanguka kupitia shimo hilo. Chini kulikuwa maji matupu. Ndege wa majini wakamdaka kwa mabawa yao, kobe akajitolea mgongo wake, na mnyama mdogo wa majini akazama mpaka chini kabisa na kurudi na tope kidogo. Tope likatandazwa juu ya kobe, mwanamke akatembea juu yake akizunguka, na ardhi ikakua kila alipokanyaga.

Sasa rudini kwenye mikoba. Ndege. Mti. Nusu duara. Stroberi, tunda la kwanza kuiva katika mwaka wao, ambalo mpaka leo linafanyiwa sherehe ya shukrani kwenye nyumba ndefu. Bibi wa New York alinunua mkoba wenye ndege na tunda, akafurahi, akaenda nao kanisani. Aliyeushona alikuwa ameuza sehemu ya habari ya kuumbwa kwa dunia, na hakuna aliyemzuia. Sidai kwamba kila ua lina fumbo. Maua mengine ni maua, yameshonwa kwa sababu ni mazuri na yanauzika, na hilo ni heshima tosha. Lakini katika miaka ambayo watoto wao walikuwa wakipelekwa shule za bweni kama Mohawk Institute ya Brantford, ambako waliadhibiwa kwa kusema lugha ya nyumbani, mkoba wa mahameli ulikuwa unaruhusiwa. Hakuna mkaguzi aliyeupiga marufuku. Msimamizi wa shule pengine alimnunulia mkewe mmoja.

Upande wa Kanada nitapita haraka. Wamohawk wa Kahnawake, ng'ambo ya mto kutoka Montreal, walitumia shanga kubwa zaidi na vitambaa vya rangi kali, nyekundu na waridi, na wakapenda kushona maneno na mwaka juu ya kazi. Waliuza Montreal, wakapanda treni kwenda Saratoga Springs, wakafuatana na misafara ya maonyesho. Waume zao walikuwa mafundi wa vyuma kwenye madaraja marefu. Tarehe 29 Agosti 1907 daraja la Quebec lilianguka likijengwa, wakafa wafanyakazi 75, na 33 kati yao walitoka Kahnawake, kijiji kimoja. Katika nyumba kama hizo, mapato ya sindano hayakuwa pesa ya chumvi. Yalikuwa chakula chenyewe.

Na msidhani kunyang'anywa kuliishia karne ya 19. Mwaka 1960 Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu ardhi ya Watuscarora ichukuliwe kwa bwawa la kuzalisha umeme wa Niagara, na mwishowe zikachukuliwa ekari zipatazo 550. Jaji Hugo Black alipinga, akaandika kwamba mataifa makubwa, kama watu wakubwa, yanapaswa kutimiza neno lao. Alishindwa kura. Umeme wa Niagara ndio unaowasha nyumba nyingi upande wetu huu, na kina mama wa Kituscarora wanashona wakiliona bwawa lile.

Bado wanashona. Mwaka 1999 makumbusho ya McCord ya Montreal ilifungua maonyesho makubwa ya shanga za Haudenosaunee yaliyoandaliwa pamoja na watu wa jamii zenyewe, yakazunguka miji kadhaa ya Kanada na Marekani, na vijana wengi waliona humo kazi za bibi zao zimewekewa taa na heshima. Tangu 1990 iko sheria ya nchi nzima inayokataza kuuza kitu kwa kudai kimetengenezwa na wenyeji wa asili wa Marekani ilhali si kweli. Ni sheria nzuri, lakini maduka ya pale maporomoko bado yana mikoba ya shanga iliyotoka viwandani mbali, na mnunuzi asiyeuliza hapewi habari.

Basi mnapokwenda Niagara na wageni wenu kutoka nyumbani, kama tunavyofanya sote, ulizeni. Nani ameshona? Wa taifa gani? Muuzaji wa kweli atakutajia jina, mara nyingi la shangazi yake au lake mwenyewe. Geuza mkoba utazame mgongo. Papasa petali, zilizoshonwa kwa mkono hazilingani sawasawa. Na bei usiibishe kama ya nyanya, nyie mnajua mstari mmoja unachukua muda gani. Nunua, uliandike jina la aliyeshona kwenye karatasi ndogo, uliweke ndani ya mkoba kabla hujaupeleka Dar au Bukavu kumpa mama.

Kwa wanaotaka kuona kwa macho, kuna kituo cha Waseneca cha Ganondagan, mjini Victor, upande wa Rochester. Na mwishoni mwa Agosti, kwenye Maonyesho ya Jimbo huko Syracuse, kuna Kijiji cha Mataifa Sita, ambako wanawake wa Haudenosaunee huuza kazi zao wenyewe na wengine hushona pale pale mbele ya watu. Nimeshauriana na Mama Mwenyekiti tukodi basi dogo. Daftari la majina liko mezani karibu na chai. Anayekwenda aandike jina lake na idadi ya watoto atakaokuja nao, tujue viti vingapi. Asanteni sana kwa kunisikiliza, na sasa tupokee maswali.